Kutoka Matema hadi Ikombe: Safari Iliyopangwa na Ziwa

Ukimwambia mtu wa Iringa kwamba unataka kupanda boti, atakuuliza unakwenda lini Dar es Salaam. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuyahesabu maji kuwa mali ya watu wa pwani. Tunazijua boti za Zanzibar, tunawasikia waliokwenda kuogelea Mbudya na Bongoyo, na tunaweka akiba ya nauli tukiwa na hakika kwamba bila bahari hakuna safari ya majini. Lakini chini ya milima yetu wenyewe lipo Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa Afrika, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 550 na kina kinachofika mita 700. Kutoka Mbeya mjini ni mwendo wa saa chache kwa gari. Nimekulia Iringa, nimefanya kazi Iringa, na nilitaka binti yangu aanze kuyajua maji kwa ziwa hili, na bahari ifuate baadaye.

Nilikuwa na wazo la kisiwa. Visiwa vikubwa vya Nyasa, Likoma na Chizumulu, ni vya Malawi, na kuvifikia kunahitaji pasipoti na siku nyingi. Kuna meli ya abiria, MV Mbeya II, inayofanya kazi tangu 2021, ikitoka upande wa Kyela kwenda Mbamba Bay na kupita bandari ndogo za Ludewa na Nyasa. Hiyo ni safari nzuri kwa mwenye wiki nzima mkononi. Mimi nilikuwa na siku chache za likizo. Mdogo wangu anayeishi Mbeya ndiye aliyenipa jibu. "Dada, nenda Ikombe," akaniambia kwenye simu. "Kisiwa si kisiwa, lakini utafika kwa maji."

Ikombe ni kijiji cha Wakisi kwenye rasi iliyo kusini-mashariki ya Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka ziwani bila kuacha nafasi ya tambarare. Ipo njia ya miguu inayopanda na kushuka kwenye miamba, lakini kwa vizazi vingi barabara kuu ya Ikombe imekuwa maji. Kwa maji wagonjwa hupelekwa hospitali ya Matema, na kwa maji vyungu vinavyofinyangwa na wanawake wa huko hufika sokoni Lyulilo, jirani na Matema, kila Jumamosi. Vyungu hivyo ndivyo tunavyoviona soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kwingineko njiani, vyekundu vyenye michoro myeupe shingoni. Wengi wetu tumevipikia maharage bila kuuliza vimetoka wapi.

Kupanga safari yenyewe kulianza na upepo na soko. Kyela ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, na kuanzia Machi hadi Mei mvua hizo hunyesha kwa uzito ambao mtu wa Iringa hajauzoea. Mvua zikiisha, kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini, ambao Malawi wanauita mwera, huvuma kwa urefu wote wa ziwa. Kwa kuwa ziwa ni jembamba na refu, upepo huo hupata nafasi ndefu ya kuyasukuma maji, na mawimbi yanapofika huku kaskazini huwa yameshakuwa makubwa. Julai 1946 meli ya MV Vipya ilizama katika ziwa hili na kuua watu zaidi ya 140, na hiyo ilikuwa meli ya chuma, si mtumbwi. Kwa hiyo niliacha Julai, nikachagua Septemba. Nilifuatilia pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutaja upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa kama unavyotaja ya Bahari ya Hindi.

Soko ndilo lililonipangia siku. Mdogo wangu alikuwa amezungumza na nahodha mmoja wa Matema, mtu wa makamo aliyezaliwa ufukweni hapo. Nahodha alimweleza kwamba ukienda Ikombe Jumamosi utawakuta wazee na watoto tu, wafinyanzi wote wako Lyulilo. Ukienda Ijumaa utawakuta wanachoma vyungu vya soko la kesho. Ulale huko, urudi nao alfajiri. Mpango huo haukuwa katika karatasi yangu hata kidogo, na ndio uliotuongoza.

Mimi na binti yangu tuliondoka Iringa kwa basi la asubuhi. Mafinga ilipita na mbao zake, Makambako na upepo wake, kisha barabara ya TANZAM ikashuka kwenye tambarare za Usangu, Igawa, Chimala na Igurusi, ambako mpunga unalimwa mpaka kando ya lami. Mdogo wangu alitupokea Mbeya, na kesho yake kulipopambazuka tulikuwa naye kituo cha Nane Nane tukitafuta gari la Kyela.

Barabara ya Uyole kwenda Kyela inastahili makala yake yenyewe. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Unashuka zaidi ya mita 1,200 kwa umbali usiozidi kilometa 130, na kila unaposhuka shamba linabadilika. Juu kuna viazi mviringo na kabichi, na watu wamevaa makoti. Ukikaribia Kiwira, Mlima Rungwe unasimama kushoto na migomba inaanza kusongamana. Katumba na Tukuyu ni chai, parachichi na ndizi. Chini ya Tukuyu joto linaingia dirishani, makoti yanavuliwa, na mara unaona mikakao chini ya vivuli na michikichi kwenye mashamba ya mpunga. Binti yangu aliyeondoka Mbeya amejifunika khanga mpaka masikioni aliomba maji ya kunywa kabla hatujafika Kikusya. Hapo tukaacha barabara ya Kyela mjini, tukashika ya Ipinda na Matema, ambayo sasa ni lami.

Ziwa la Matema halionekani kidogo kidogo. Miti inaisha, na mbele yako ni maji na mchanga, huku milima ikiwa imesimama upande wa kushoto kuanzia ukingoni mwa maji hadi mawinguni. Tulifika alasiri. Mawimbi yalikuwa yanavunjika ufukweni kwa kishindo, na binti yangu, ambaye maji mengi aliyokuwa ameyaona ni ya mto Ruaha Mdogo, alisimama mbali kabisa.

"Mama, kesho tutapita hapo?"

Nahodha alimjibu kabla yangu. "Kesho asubuhi hutalikuta hivi, mjukuu wangu. Hili ni la jioni."

Kisha tukakaa chini ya mwembe tukazungumza mambo ya safari. Nimejifunza kwamba bei ni jambo la mwisho. Kwanza niliomba kuiona boti. Ilikuwa ya mbao, pana kiasi, yenye injini ya kuning'iniza nyuma. Niliuliza kama imekaguliwa, maana ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, mdhibiti wa usafiri wa majini, na mwenye boti ya abiria anajua kwamba anatakiwa kuwa na karatasi zake. Alinionyesha. Niliuliza jaketi okozi, akazitoa, nikazijaribu kamba zake moja baada ya nyingine, na ya mtoto tukaitafuta mpaka ikapatikana ya kumkaa vizuri. Niliuliza makasia, kwa sababu injini ni chuma na chuma huchoka, na ndoo ya kuchotea maji yanayoingia. Nikauliza tutakuwa wangapi. Hapo ndipo tulipofika kwenye bei, na yeye akaipanga kwa hesabu ya petroli ya kwenda na kurudi, akaongeza ujira wake na wa kijana wake. Kwa kuwa nilikuwa nimeona kila kitu, sikuwa na sababu ya kuvutana naye.

"Saa kumi na mbili tuwe ndani ya maji," akasema. "Ukiona nabishana na wewe saa nne kama twende au tusiende, jua umepata nahodha mbaya. Saa nne mimi huwa nimeshafunga kamba."

Alitupa pia tahadhari za ufukweni. Tusiogelee upande wa mdomo wa mto Lufilyo, kwa ajili ya mamba. Kuhusu kichocho, ambacho kipo katika ziwa hili, alisema tukae mbali na maji yaliyotulia yenye majani, na tukirudi nyumbani tukapime. Jioni hiyo tulikula mbasa wa kuchoma kwa wali wa Kyela, wali ambao harufu yake inakufikia kabla ya sahani.

Asubuhi alikuwa sahihi. Ziwa lilikuwa limelala bila hata mkunjo. Tuliingia tukiwa tumefunga jaketi, kijana akaisukuma boti kwa bega, na injini ikawaka. Tulikwenda tukiambaa na ukingo wa ziwa, hatukukata katikati. Nahodha alieleza kwamba upepo ukibadilika anataka awe karibu na mahali pa kuegesha, na kwenye mwambao huo mahali pa kuegesha panahesabika, kwa sababu sehemu kubwa ni jabali tupu. Ufa ulioipasua Afrika Mashariki ndio uliolifanya bonde hili, upande mmoja ukazama na upande mwingine ukabaki juu. Ndiyo maana mlima hauna miguu: mteremko uleule unaouona juu unaendelea chini ya maji hadi kilindini. Ukichungulia kando ya boti karibu na miamba unaona samaki wadogo wa buluu na wa njano wakilamba mawe. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, mamia kwa mamia, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Binti yangu aliyekuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu aliuachia ili ainame vizuri zaidi, na hakuushika tena.

Furukombe mmoja alikuwa juu ya mti uliootea kwenye ufa wa mwamba. Mitumbwi ya wavuvi waliokuwa wakirudi na usipa wa usiku ilitupita, na kila mmoja ulipotukaribia nahodha alipunguza injini ili mawimbi yetu yasiwayumbishe. Chini ya saa moja tukaizunguka ncha ya miamba, na Ikombe ikatokea: ghuba ndogo, nyumba zilizopangana kwenye mteremko, mihogo mpaka juu, na moshi.

Mgeni akishuka Ikombe haanzi na picha. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukajitambulisha na kueleza tumetoka wapi, tutalala kwa nani na tutaondoka lini. Mzee aliyekuwa pale alinisikia nikisema Iringa, akanisalimia "Kamwene," nami nikaitikia kwa furaha ya kusalimiwa Kihehe kwenye ukingo wa Nyasa. Alikuwa amewahi kufanya kazi mashamba ya chai Mufindi.

Bibi aliyetupokea alikuwa anafinyanga uani. Nilikaa karibu naye asubuhi nzima. Alianza na donge la udongo uliokandwa ukalainika, akaliweka juu ya kigae kipana chenye kitako cha mviringo. Mkono mmoja ulikizungusha kigae, mwingine ukaupandisha udongo. Yeye hakuinuka wala kuhama. Chungu ndicho kilichomzunguka, taratibu, na ukuta wake ukapanda sawa pande zote kana kwamba umepimwa. Kwa gunzi la hindi alisawazisha nje, kwa kipande cha kibuyu akasawazisha ndani, na kwa kidole kilicholowa akaukunja mdomo wake. Binti yangu aliomba kujaribu. Bibi alimpa donge dogo, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakazungusha pamoja.

"Usiulazimishe," akamwambia. "Ukiusukuma sana unaanguka, ukiuogopa haupandi."

Vyungu vya wiki hiyo vilikuwa vimekwisha kukauka, vimepakwa udongo mwekundu na kung'arishwa kwa kokoto laini, na shingo zake zimechorwa mistari myeupe. Adhuhuri wanawake walivipanga kwenye uwanja, kimoja juu ya kingine, wakavifunika kwa kuni na majani makavu, wakawasha. Hakuna tanuri. Moto huo wa wazi unasimamiwa kwa macho: mahali unapopungua panaongezwa majani, mahali unapozidi panatulizwa. Kazi hii ni ya wanawake, mama humfundisha binti, na ndiyo inayonunua madaftari, chumvi, mafuta na dawa. Nilimuuliza bibi ni vingapi hupasuka motoni. Alinijibu kwamba vinavyopasuka motoni si vingi kama vinavyopasuka ziwani.

Jioni mdogo wangu na mimi tulitembea na kijana wa nahodha kwenye njia ya juu, na akatuonyesha upande wa ghuba ya Lumbira. Ghuba hiyo ina historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Miaka ya 1890 Wajerumani walijenga hapo kituo chao cha kwanza cha utawala kaskazini mwa Nyasa, wakakiita Langenburg. Baadaye walihamia juu kwenye baridi, wakaupa mji mpya jina la Neu Langenburg, nao ndio Tukuyu tuliyopita kwa gari. Walikuwa pia na meli, Hermann von Wissmann, iliyoletwa kwa vipande na kuunganishwa kusini mwa ziwa. Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaifyatulia mzinga na kuilemaza. Wakati wakubwa hao wakigombea maji, wanawake wa Kikisi walikuwa wakifinyanga na kuvusha vyungu vyao, na bado wanafanya hivyo baada ya wote wawili kuondoka.

Usiku tulikula ugali wa muhogo kwa usipa. Ziwani zilionekana taa za wavuvi, safu ndefu, na sauti zao zikifika mpaka uani.

Alfajiri ya Jumamosi kijiji kizima kilikuwa mwaloni. Vyungu vilishushwa vichwani na kupangwa ndani ya mitumbwi na boti, vikubwa chini, vidogo ndani ya vikubwa, na majani makavu kati yake ili visigongane. Kazi hiyo ilifanywa kwa utulivu mkubwa, kila mtu akijua nafasi ya kila chungu. Vyungu vilipokwisha kukaa, watu wakaingia palipobaki. Bibi yetu alikaa kwenye ubao wa mbele wa mtumbwi mmoja, kitenge kimefungwa kichwani, chungu kidogo mapajani. Hakuwa na jaketi okozi. Hakuna mwanamke yeyote katika mtumbwi ule aliyekuwa nayo.

Sisi tulikuwa nazo sote, kwa sababu tulizilipia. Nilimuuliza nahodha. Akasema za kwake zinatosha watu wa boti yake, na mtumbwi wa vyungu ni wa wenye vyungu. Jaketi moja ni vyungu vingi, na ikikaa ndani ya mtumbwi inachukua nafasi ya kingine cha kuuza. Hakusema kwa kuwalaumu. Alikuwa ananipa hesabu yao. Kisha, bila kuombwa, aliiendesha boti yake taratibu njia yote, nyuma kidogo ya mtumbwi ule, mpaka Lyulilo.

Sokoni vyungu vilikuwa vimepangwa mchangani kabla jua halijapanda sana. Wachuuzi wa Kyela, Tukuyu na Mbeya walikuwa wakivigonga kwa kidole na kusikiliza mlio, maana chungu chenye ufa hakilii vizuri. Nilinunua kwa bibi bila kumpunguzia bei, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akacheka, akaniongezea kifuniko. Kufikia saa nne upepo ulikuwa umeanza, na ziwa likawa lile la jioni ya kwanza. Mitumbwi yote ilikuwa imekwisha kuvutwa juu.

Nawaandikia watu wa Iringa, Njombe na Mbeya wenye watoto ambao hawajawahi kupanda boti. Nendeni Ikombe. Mwacheni nahodha achague saa na mwacheni mfinyanzi achague siku, kwa sababu wao ndio wanaolijua ziwa. Lalani kijijini, mlipie chakula na malazi huko, mnunue vyungu pale vilipochomwa. Na mnapokubaliana bei ya boti, ulizeni pia kuhusu mtumbwi wa vyungu wa Jumamosi. Wilaya zetu, makanisa yetu na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimechangia mambo makubwa kuliko jaketi okozi za wanawake wa kijiji kimoja. Njia tunayoipita mara moja kwa ajili ya kuona milima ndiyo wanayoipita kila wiki kwa ajili ya kula, na inapaswa kuwa salama kwao kama ilivyokuwa salama kwetu. Hesabu ya hilo nimeshaianza na wenzangu wa Iringa, na safari ijayo tutakwenda na mzigo.